Viatu vya ofisini visivyo vya ngozi: kinakuuma wapi, na kwa nini

Kiatu cha ngozi kikikubana siku ya kwanza, muuzaji hukuambia kitajilegeza chenyewe, na mara nyingi hasemi uongo. Ngozi ya mnyama ni nyuzi zilizosukanasukana ambazo hulegea kwa joto na jasho la mguu. Wiki mbili tatu zikipita, kiatu kinakuwa kimeshika umbo la mwenyewe. Ngozi bandia haina tabia hiyo. Nyingi ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na kitambaa chenyewe kimetengenezwa makusudi kisivutike ovyo. Kinakunjika vizuri, lakini hakitanuki, na ukikivua usiku kinarudia umbo lilelile kilichotoka nalo kiwandani. Kwa hiyo kinachokubana dukani kitakubana na mwezi wa sita.

Hapo ndipo wanapokwama wengi waliohamia viatu vya aina hii, wawe wamehama kwa kuwahurumia wanyama, kwa mzio wa kromu inayotumika kusindika ngozi, au kwa sababu zao wenyewe. Wananunua kwa mazoea ya zamani, wanasubiri kiatu kijilegeze, hakijilegezi, na mwishowe wanasema viatu visivyo vya ngozi haviwezi kazi ya kutwa. Vinaweza. Ila ni lazima vichaguliwe kwa ukali zaidi, na vikiuma, usianze kwa kulaumu plastiki.

Anza na maswali mawili: panauma wapi, na panaanza saa ngapi? Kinachouma tangu unapofunga kamba kina kosa la umbo. Kinachokuwa sawa asubuhi kikaanza kubana mchana hakina nafasi ya mguu uliovimba, na kila mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Kinachochosha jioni, chini ya unyayo, kitazame soli. Na kile kilichokuwa kizuri mwaka mzima kisha kikageuka ghafla kimekufa ndani, hata kama juu bado kinang'aa.

Vidole vinabanwa

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na dawa ambayo watu hukimbilia ndiyo inayoharibu zaidi: kuongeza namba. Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani kama milimita 6.7 za urefu kila hatua. Za Uingereza hupanda kwa theluthi ya inchi, kama milimita 8.5. Upana nao huongezeka, lakini kidogo tu. Ukiwa na mguu mpana ukapanda namba mbili, umenunua zaidi ya sentimita moja ya urefu usiouhitaji ili upate upana kiduchu. Kidole kidogo bado kinasagwa pembeni, na sasa kisigino nacho kinapwaya. Mbaya zaidi, kiatu kirefu mno hukunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, na mkunjo huo hukandamiza viungo vya vidole kila hatua.

Kuna jaribio dogo linaloshinda kioo cha dukani. Toa soli ya ndani, ile inayochomoka, uiweke sakafuni. Vaa soksi za kazini, simama juu yake kwa uzito wako wote, kisigino kikikaa sawasawa nyuma. Sasa inama uangalie kingo. Nyama ya kidole kidogo ikimwagika nje ya ukingo, hata kwa upana wa kalamu, hiyo ndiyo nyama itakayokuwa ikisukumwa na ukuta wa kiatu kutwa nzima. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe dole gumba, ibaki nafasi ya sentimita moja hivi. Kama kiatu kimechongoka, usihesabu ile ncha, kwa sababu hakuna kidole kinachoingia humo. Pima kuanzia pale ambapo bado pana upana. Fanya jaribio hili jioni, na kwa miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Nunua kwa kipimo cha ule mkubwa.

Soli isipochomoka, chora mguu wako kwenye karatasi ukiwa umesimama, kata mchoro, uutumbukize ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni umepata jibu.

Tiba ya kweli hapa ni kalibu nyingine, yaani lile umbo la mguu ambalo kiwanda hulitumia kujengea kiatu. Viatu viwili vya namba moja kutoka viwanda viwili vinaweza kutofautiana kuliko namba mbili za kiwanda kimoja. Tafuta mbele pa mviringo au palipokatwa butu kidogo. Siku hizi viatu rasmi vya umbo hilo havionekani vya kizee, na chini ya meza ya mkutano hakuna anayekagua. Baadhi ya watengenezaji huuza namba moja kwa upana tofauti, na kwa mtu anayekwepa ngozi huo ni msaada mkubwa kuliko aina yoyote ya kitambaa.

Kama kiatu umeshanunua na hakirudishiki, badilisha soli ya ndani uweke nyembamba zaidi. Milimita mbili tatu za kimo huteremsha mguu hadi sehemu ya kiatu iliyo pana zaidi, na mara nyingi zinatosha. Kukipeleka kwa fundi akitanue kwa kalibu ya mbao ni bahati nasibu: kilichofumwa kwa nyuzi kinaweza kuachia kidogo, chenye tabaka nene la plastiki kinaweza kupasuka juu au kurudi kilivyokuwa. Ushauri wa kukipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele siupendi hata kidogo. Joto linalolainisha plastiki linalainisha na gundi, na kiatu kinaanza kubanduka soli kabla hakijatanuka.

Juu ya mguu panauma, chini ya kamba

Hapa angalia jinsi vipande vyenye matundu ya kamba vilivyoshonwa. Kwenye mtindo wa Oxford vimeshonwa chini ya sehemu ya mbele, vinakutana katikati na kufunga kabisa. Kwenye Derby vimekaa juu na vinafunguka kama milango. Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka atateseka na Oxford ya ngozi bandia, kwa sababu pale mshono unapoanzia hapana pa kulegeza. Derby humwachia nafasi. Kwa viatu visivyo vya ngozi mimi huipendekeza Derby karibu kila mara, hata kwa mguu wa kawaida, kwa vile asubuhi unaweza kufunga na mchana ukalegeza.

Panapouma pakiwa ni nukta moja tu, ruka tundu moja la kamba mahali hapo hapo: kamba zipite wima pembeni bila kukatiza juu ya mfupa. Moka nazo hazina pa kulegeza. Zikibana juu ya mguu, ziache.

Kisigino kinachubuka

Vua soksi utazame chubuko liko wapi kabla ya kununua pedi yoyote. Lengelenge katikati ya kisigino, upande wa nyuma, linasema kisigino kinapanda na kushuka ndani ya kiatu. Mstari mwekundu juu zaidi, penye ile kano kubwa, unasema ukingo wa kiatu ni mrefu au mkali. Ni matatizo mawili yenye tiba mbili.

La kwanza mara nyingi linatokana na urefu uliozidi, lile kosa la kupanda namba. Kama viatu vina kamba, zifunge kwa kitanzi: pale juu kabisa, rudisha kila ncha kwenye tundu la mwisho la upande wake ili iache kitanzi kidogo, kisha pitisha ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta kuelekea nyuma, funga. Kisigino kinashikwa. Kama bado kinapwaya, bandika pedi chini ya ulimi wa kiatu. Watu wengi hubandika pedi nyuma ya kisigino, jambo linaloonekana la busara, lakini pedi hiyo inausukuma mguu mbele hadi vidole vigote. Ya ulimi inaurudisha mguu nyuma, mahali pake.

Kuna sababu nyingine ya kisigino kupanda: soli mpya iliyo ngumu. Soli isipokunjika, mguu unakunjika peke yake na kisigino kinaachwa nyuma. Shika kiatu, sukuma ncha kuelekea juu. Kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo, na kisikatae kama ubao. Hapa, na hapa tu, subira ina maana: sehemu ya juu haitalegea, lakini soli ya raba hulegea kwa kutembea. Ipe siku chache za saa moja moja.

Ukingo mkali ni shida zaidi. Ngozi bandia hukunjwa na kushonwa pale juu, na kingo zake hubaki ngumu miezi yote. Pitisha kidole ndani ya ukingo ukiwa dukani. Kama hakuna sifongo chini ya bitana, na kidole chako kinahisi mshono, kano yako itauhisi zaidi. Soli ya ndani iliyo nene kidogo chini ya kisigino huinua mguu juu ya ukingo, wakati mwingine inatosha.

Unyayo unawaka moto jioni

Viatu rasmi vya bei ya chini, vya ngozi au visivyo, mara nyingi vina kadibodi ngumu ndani, juu yake sponji nyembamba iliyogandishwa, basi. Bonyeza kwa kidole gumba penye kisigino na penye vidole. Ukigusa ugumu mara moja, sakafu ya vigae utaigusa vilevile. Usidanganyike pia na sponji laini kama godoro. Inapendeza dukani, na kabla ya mwezi kwisha imelala isiinuke tena. Inayofaa ni ile inayokataa kidogo ukiibonyeza, kisha inarudi polepole. Kizibo, ile malighafi nyepesi ya kuzibia chupa za mvinyo, ni chaguo zuri: ni gamba la mti, hakina mnyama, na kinachukua umbo la unyayo, kitu ambacho sehemu ya juu ya kiatu chako haitakifanya kamwe. Ndiyo maana, ukitaka kutumia pesa ya ziada mahali pamoja tu, itumie kwenye soli ya ndani. Na hakikisha kiatu unachonunua kina ile inayochomoka, ili nyingine iingie bila mguu kuinuka hadi kubanwa juu.

Viatu vya mchuchumio vinahamishia uzito mbele, na kadiri kisigino kinavyopanda ndivyo vidole vinavyobeba zaidi. Ngozi bandia inayoteleza ndani inaongeza balaa, kwa sababu mguu unaserereka kwenye mteremko. Kipande cha kitambaa chenye mkwaruzo, kikibandikwa chini ya sehemu nene ya wayo iliyo nyuma ya vidole, huzuia mserereko huo.

Maumivu mawili hayatibiwi kwa sponji. Kuwaka au ganzi kati ya kidole cha tatu na cha nne, kama vile umekanyaga kokoto, mara nyingi ni neva inayobanwa, nayo inahitaji upana. Ukiongeza soli nene unaibana zaidi. Maumivu ya kisigino unapokanyaga hatua ya kwanza asubuhi, yanayopungua ukitembea, yanaelekea kwenye utando wa chini ya unyayo, na kiatu bapa kinachojipinda kama kitambaa huyazidisha. Yakidumu, muone daktari. Mwenye kisukari asingoje hata lengelenge, kwa sababu ganzi inaweza kumficha kidonda.

Mguu unatota na kunuka

Hapa plastiki inastahili lawama, ingawa si zote sawa. PVC (plastiki ya vinili) haipumui kabisa. PU (plastiki ya poliyurethani) huachia mvuke kidogo kutegemea unene wake. Maikrofaiba nzuri, yenye nyuzi nyembamba mno na vitundu, inaachia zaidi, na kitambaa cha kufumwa ndicho kinachopitisha hewa kuliko vyote. Lakini sehemu inayogusana na jasho ni bitana, na wengi hawaiangalii. Kiatu cha maikrofaiba chenye bitana ya plastiki inayong'aa kitakutotesha sawa na cha PVC. Tafuta bitana ya kitambaa.

Harufu yenyewe hailetwi na jasho. Bakteria wa kwenye ngozi ya mguu hulila jasho na seli zilizokufa, na kutoa asidi zenye ule mnuko. Kwa hiyo silaha ni ukavu. Usivae jozi moja siku mbili mfululizo, na usiku toa soli ya ndani ikauke nje ya kiatu. Soksi za pamba tupu hunyonya jasho zikabaki nalo. Zilizochanganywa na nailoni au polyesta husambaza unyevu na kukauka upesi. Usikaushie kiatu juani au karibu na moto.

Ngozi ya mguu inawasha

Aliyekimbia ngozi kwa sababu ya kromu hushangaa kuona vipele vikirudi kwenye kiatu cha plastiki. Kemikali zinazotumika kuimarisha raba, na baadhi ya resini za gundi, nazo huleta mzio. Tazama ramani ya vipele: vikiwa juu ya mguu, shuku sehemu ya juu na gundi yake, vikiwa chini ya unyayo, shuku soli ya ndani. Kati ya vidole pakiwa peupe na panabambuka, huenda ni fangasi, si kiatu. Daktari wa ngozi anaweza kubandika vipande vya majaribio mgongoni na kuonyesha kemikali gani hasa.

Kinapasuka, kinabambuka, soli inameguka

PVC ina vilainishi vinavyotoka taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Vikiisha, inakuwa ngumu na kupasuka penye mkunjo, hasa kwenye baridi. PU huvunjwa na unyevu wa hewani, na joto linaharakisha. Tabaka la juu linabambuka kama ngozi iliyoungua jua. Kwenye soli zenye sponji ya PU hali ni ya ajabu zaidi, kwani kiatu kinachovaliwa kinaweza kudumu kuliko kilichofichwa kabatini. Mtu ametunza jozi kwa ajili ya siku maalumu, anaivaa, anafika ofisini soli ikiwa imebaki makombo njiani. Kabla ya kuvaa kiatu kilichokaa muda mrefu, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Alama ikibaki bila kurudi, au ukucha ukatoka na unga unaonata, kiatu hicho kimekwisha. Sehemu ya juu ikiwa nzima, fundi anaweza kuweka soli ya raba.

Kuhusu kung'arisha, kiwi ya kawaida haiingii popote kwenye ngozi bandia. Inakaa juu, inashika vumbi, na baadhi zina nta ya nyuki. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha. Asetoni na thina zinayeyusha tabaka la juu papo hapo.

Malighafi za mimea zinasifiwa sana. Piñatex hutokana na nyuzi za majani ya mananasi, Desserto ilianzia Mexico kwa kutumia dungusi kakati. Ni hatua nzuri kwa mazingira, lakini nyingi za aina hii bado zina plastiki ndani au juu, na hakuna kati yake itakayojilegeza kwenye mguu wako kama ngozi. Jina la mmea lisikufanye usamehe umbo baya.

Umenunua, kumbe kina ngozi

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1994 inataka kiatu kionyeshe malighafi ya sehemu tatu: juu, bitana pamoja na soli ya ndani, na soli ya nje. Alama ya ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi. Alama hiyo ikiwa na umbo la almasi katikati ni ngozi iliyopakwa, bado ni ya mnyama. Wavu ni kitambaa, almasi peke yake ni malighafi nyingine, na hizo mbili ndizo unazozitafuta. Lakini alama inasimamia malighafi inayofunika angalau asilimia 80 ya sehemu husika, kwa hiyo kipande kidogo cha ngozi kinaweza kupita kimya. Gundi na vikakamazi vya ndani havimo kabisa. Neno "PU" peke yake pia halitoshi, maana ngozi ya tabaka la chini hupakwa PU na kuuzwa. Ngozi iliyosagwa na kuunganishwa kwa gundi nayo ni ngozi. Palipokatwa bila kukunjwa, chungulia: ukiona kitambaa kilichofumwa chini ya utando laini, ni bandia, ukiona manyoyanyoya yasiyo na mpangilio, muulize mtengenezaji kwa maandishi, na umtajie bitana, gundi na soli ya ndani kimoja kimoja.

Kabla hakijakanyaga nje

Duka linalokubali kurudishiwa bidhaa kwa kawaida hulikataa kiatu chenye soli iliyokwaruzika. Kivae ndani ya nyumba, juu ya sakafu safi, jioni, kwa saa mbili mfululizo. Panda ngazi, chuchumaa kidogo, simama pasipo kutembea, kwa kuwa kusimama ndiko kunakofichua soli mbovu. Kisha vua soksi mara moja utazame ngozi ya mguu. Wekundu unaofutika ndani ya dakika kumi hauna neno. Alama inayobaki baada ya hapo, hata kama haiumi, kiatu kirudishe na risiti yake kesho yake.